WhatsApp, Telegram, Signal, Facebook, TikTok au X: kikundi cha wananchi kichague mtandao upi?

Watu kumi na wawili wamekutana na kukubaliana kwamba dampo lililofunguliwa nyuma ya shule lazima liondolewe. Wamemchagua mwenyekiti na katibu. Kabla hawajatawanyika, mmoja anatoa simu na kuuliza: "Sasa grupu tufungue wapi?" Mara nyingi jibu hutolewa kwa mazoea tu, yaani mtandao ule ambao mwenye kuuliza tayari anautumia. Miezi miwili baadaye grupu lina watu mia tatu, limejaa salamu za asubuhi, na tangazo la kukutana na maofisa wa manispaa limezama katikati ya video za vichekesho. Waliojitokeza siku hiyo ni walewale kumi na wawili.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya kikundi cha namna hiyo: kidogo, hakina fedha, hakina mtaalamu wa mawasiliano, lakini kina jambo la haki mkononi. Sijali sana mtandao upi una watumiaji wengi duniani, kwa sababu idadi hiyo haikusaidii kitu kama wazazi wa shule ile hawamo. Maswali yangu ni matatu. Ni kazi gani hasa inayotakiwa kufanyika? Nani ataumia mazungumzo yakivuja? Na kikundi kitabaki na nini siku mtandao huo ukifungwa?

Kazi zenyewe, ukizichambua, ni nne: kuamua pamoja, kuwaita watu, kumbana mwenye mamlaka, na kutunza ushahidi. Hakuna mtandao hata mmoja unaozifanya zote vizuri. Anayekuambia "njooni tu huku, kila kitu kipo" hajawahi kuendesha kampeni hadi mwisho.

Chumba na uwanja

Tofauti kubwa kuliko zote haiko kati ya kampuni moja na nyingine. Iko kati ya mitandao iliyo kama chumba, ambamo unajua nani ameingia, na ile iliyo kama uwanja, ambako yeyote anayepita anasikia. WhatsApp na Signal ni vyumba. X (zamani Twitter) na TikTok ni viwanja. Telegram na Facebook zina vyote viwili, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa, wakadhani wamo chumbani kumbe wamesimama uwanjani.

Kosa la kwanza la vikundi vingi ni kupanga mambo uwanjani. Kosa la pili, ambalo halisemwi sana, ni kubaki chumbani milele. Watu mia tatu wanaokubaliana wao kwa wao ndani ya grupu hawajamsumbua mtu yeyote mwenye uwezo wa kuondoa dampo. Kwa hiyo karibu kila kikundi kinahitaji chumba kimoja na uwanja mmoja. Zaidi ya hapo ni kujichosha, maana kila akaunti inataka mtu wa kuihudumia kila siku, na watu wa kujitolea hawana siku nyingi.

WhatsApp na Telegram

Nguvu ya WhatsApp ina sababu moja: watu wamo tayari. Humfundishi mtu kupakua programu mpya, humwombi afungue akaunti. Mzee asiyependa kuandika anatuma ujumbe wa sauti, na asiyesoma vizuri anasikiliza. Mazungumzo yote, ya watu wawili na ya makundi, yamefumbwa mwisho hadi mwisho tangu mwaka 2016, maana yake kampuni yenyewe haiwezi kusoma yaliyomo. Kundi moja linachukua hadi watu 1,024, idadi inayotosha mtaa na ziada.

Udhaifu wake mkubwa kwa mwanaharakati ni namba ya simu. Kwa kawaida kila aliye ndani ya kundi anaweza kuziona namba za wenzake. Katika kundi la majirani hilo si tatizo. Katika kundi ambalo kiungo chake kimesambazwa ovyo, mtu mmoja aliyeingia kwa nia mbaya anaondoka na orodha nzima ya wanaharakati. Kufumbwa kwa ujumbe hakuzuii mtu aliye ndani kupiga picha ya skrini. Tena kuna nakala rudufu: mazungumzo yanayohifadhiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni hayafumbwi kwa namna hiyo mpaka mwenye simu awashe mpangilio huo mwenyewe. 

Kuna jambo jingine linalowashangaza wanaoanza. Tangu Januari 2019 ujumbe mmoja hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hupelekwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Hatua hizo zilichukuliwa ili kupunguza uvumi, na ni nzuri. Lakini zina maana kwamba kampeni inayotegemea maneno "sambaza kwa makundi yako yote" inaishiwa nguvu haraka. Njia inayofanya kazi vizuri zaidi ni ya kizamani: kila mwanachama anawaandikia watu watano anaowajua kwa majina, kwa maneno yake mwenyewe. Mtu huenda kwenye mkutano kwa sababu fulani amemwambia "nitakupitia", si kwa sababu ameona bango lililopitia mikono elfu.

Telegram ina sura tofauti kabisa. Kundi linaweza kuwa na watu hadi 200,000, na chaneli, yaani mahali ambapo wasimamizi huandika na wafuasi husoma tu, haina kikomo. Mtu anaweza kuificha namba yake na kutumia jina la mtumiaji. Aliyejiunga leo anaweza kusoma yaliyoandikwa tangu mwanzo, kama wasimamizi wameruhusu. Faili kubwa hupita, kura ya maoni hupigwa humohumo. Wakati wa maandamano ya Hong Kong mwaka 2019 watu walitumia kura hizo kuamua papo hapo waelekee wapi, na chaneli za kutoa tahadhari zilikuwa na wafuasi maelfu kwa maelfu. Kwa harakati kubwa isiyo na kiongozi mmoja, sijaona kifaa kilicho karibu na hicho.

Lakini hapa pana dhana potofu ambayo ni hatari. Watu wengi huamini Telegram ni salama kuliko WhatsApp. Si kweli kwa makundi. Makundi na chaneli za Telegram hazifumbwi mwisho hadi mwisho. Kinachofumbwa hivyo ni mazungumzo ya siri ya watu wawili tu, nayo lazima uyafungue kwa makusudi. Yaliyomo ndani ya makundi yanakaa kwenye seva za kampuni. Huko Hong Kong msimamizi wa kundi moja kubwa alikamatwa Juni 2019. Baada ya mwanzilishi wa Telegram, Pavel Durov, kukamatwa nchini Ufaransa Agosti 2024, kampuni ilibadili masharti yake mwezi uliofuata na kusema inaweza kukabidhi namba za simu na anwani za intaneti za wanaovunja sheria pale inapopokea ombi halali la kisheria. Uzito wa neno "halali" unategemea nchi unayoishi.

Basi kati ya hizi mbili nachagua hivi. Kama watu wako hawazidi mia chache, wanajuana, na wengi wao si wapenzi wa teknolojia, WhatsApp. Kama unataka kutangazia maelfu usiowajua, na hakuna siri ndani ya unachotangaza, chaneli ya Telegram inakufaa, mradi watu wa eneo lako wanaitumia. WhatsApp nayo imekuwa na chaneli tangu mwaka 2023, zinazoficha namba za wafuasi, hivyo ile sababu ya kuhamia Telegram kwa ajili ya matangazo pekee imepungua uzito.

Ndani ya WhatsApp, usifungue kundi moja, fungua mawili. La kwanza ni la matangazo, ambamo wasimamizi pekee ndio wanaoandika. La pili ni la mazungumzo, na huko watu wasalimiane, wabishane, wacheke. Jamii haijengwi kwa matangazo matupu. Mpangilio huo mdogo unaokoa kampeni nyingi kuliko ushauri mwingine wowote ninaoujua.

Halafu kuna namna ya kuandika lile tangazo. Linganisha haya mawili. La kwanza: "Wananchi tuamke! Tumechoka kuvuta moshi! Watoto wetu wanaumwa! Sambaza kwa wote!" La pili: "Jumamosi saa 3 asubuhi, lango kuu la shule. Tunapeleka barua yenye saini ofisi ya afya, tunarudi kabla ya saa 6. Njoo na mzazi mmoja ambaye hayumo humu. Usipoweza kuja, weka saini kwa katibu kabla ya Ijumaa jioni. Jibu neno moja: NAJA au SAINI." La kwanza linaamsha hisia, kisha mtu anaiweka simu chini. La pili linamwambia afanye nini, lini, kwa muda gani, na linampa hata asiyeweza kuja kazi ya kufanya. Pia linamwachia katibu idadi anayoweza kuitegemea. Uzuri wake ni kwamba linafanya kazi kwenye mtandao wowote.

Signal, kwa wachache

Signal siipendekezi kwa kundi la mtaa mzima. Wengi hawana programu hiyo, na kila mtu unayemwomba aipakue ni mtu mmoja unayeweza kumpoteza. Naipendekeza kwa kamati: wale watano hadi kumi wanaojua jina la mfanyakazi aliyetoa nyaraka, au wanaopanga siku ambayo haijatangazwa. Inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida, imefumbwa mwisho hadi mwisho kwa kila kitu, na tangu mwaka 2024 unaweza kuwasiliana na watu kwa jina la mtumiaji bila kuwaonyesha namba yako, ingawa kujisajili bado kunahitaji namba. Mahakama zilipoiamuru kutoa taarifa za watumiaji, ilichoweza kutoa ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na mara ya mwisho ilipounganishwa. Haikuwa na kingine.

Washeni ujumbe unaotoweka, wekeni wiki moja, na mambo ya kamati yabaki huko. Kama kampeni yenu haina mtu anayeweza kufukuzwa kazi au kukamatwa kwa sababu yake, mnaweza kuiruka sehemu hii bila hasara.

Facebook na TikTok

Tukitoka chumbani, swali linageuka: unataka kusikika na nani?

Facebook inakaa vizuri na jambo la muda mrefu. Ukurasa unahifadhi kila kitu kwa mpangilio wa tarehe, mtu anaweza kuurudia mwaka ujao akakuta barua mlizoandika na majibu mliyopewa. Kundi la Facebook linaweza kufungwa kwa maswali ya kuingilia, na mjadala wenye majibu mia hauvunjiki kama kwenye WhatsApp. Ukiwatafuta watu wa makamo, wenye nyumba, wazazi, wastaafu, mara nyingi utawakuta huko.

Nguvu yake imeshaonekana kwa mambo mazito. Baada ya kijana Khaled Said kuuawa mikononi mwa polisi mjini Alexandria Juni 2010, Mmisri Wael Ghonim alifungua ukurasa wa Facebook uliobeba jina la kijana huyo, na ni ukurasa huo uliosaidia kuwaita Wamisri mitaani tarehe 25 Januari 2011. Lakini katika historia ya ukurasa ule kuna jambo ambalo kila kikundi kidogo kinapaswa kulijua. Novemba 2010, miezi miwili tu kabla ya siku ile, Facebook iliufungia kwa sababu msimamizi wake alitumia jina lisilo lake, kinyume cha masharti ya kampuni. Ulirudi baada ya mtu mwingine, aliyekuwa nje ya Misri na aliyekubali kutumia jina lake halisi, kuongezwa kuwa msimamizi. Sharti lile bado lipo. Mwanaharakati anayejificha kwa jina la bandia anajilinda dhidi ya mtu mmoja na kujiweka wazi kwa mwingine. Dawa ni kuwa na wasimamizi watatu au zaidi, angalau mmoja wao asiye na cha kuogopa, na akaunti zote zikiwa na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya pili ya siri.

Kasoro ya pili ya Facebook ni kwamba kuwa na wafuasi si kuwafikia. Chapisho la ukurasa huonekana na sehemu ndogo tu ya waliobonyeza kufuata, isipokuwa ukilipia tangazo. Nimeona watu wakivunjika moyo kwa hilo, wakidhani jamii imewasusa, wakati ujumbe wenyewe haukuwafikia kabisa.

TikTok imejengwa kinyume chake. Haitegemei sana wafuasi. Video huonyeshwa kwanza kwa watu wachache wasiokujua, na wakiiangalia hadi mwisho inaonyeshwa kwa wengi zaidi. Akaunti ya jana yenye wafuasi ishirini inaweza kuonwa na laki moja kesho. Kwa kikundi kisicho na jina, hiyo ni nafasi ambayo Facebook haiitoi tena. Vijana wa Kenya waliitumia vilivyo Juni 2024 walipopinga Muswada wa Fedha: walikaa mbele ya kamera wakaeleza kifungu baada ya kifungu, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha za nyumbani, mpaka muswada ambao kwa kawaida husomwa na wahasibu ukawa mazungumzo ya kila mtu. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni na watu kuuawa kwa risasi, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatausaini.

Ninachojifunza hapo ni maelezo. Video zilizofanya kazi zilikuwa zile zilizomfundisha mtu jambo moja kwa lugha yake. Kwa dampo letu, video ya nusu dakika inayoonyesha barua ya kibali na kusoma kwa sauti ule mstari unaotaja umbali kati ya dampo na shule ina thamani kuliko dakika tano za kelele.

Ubaya wa TikTok ni kwamba hadhira yake haina makazi. Laki moja walioiona video wanaweza kuwa wanaishi popote, na hakuna hata mmoja anayeweza kuja Jumamosi. Maoni yanajaa mioyo, lango la shule liko tupu. Kwa hiyo kila video lazima imwambie mtazamaji wa karibu aende wapi: jina la eneo litajwe mwanzoni kabisa, na kiungo cha kundi la matangazo kiwekwe kwenye wasifu. Tena, ukitegemea TikTok peke yake unategemea kitu kinachoweza kuondolewa kwa tangazo moja la serikali. Mwishoni mwa Juni 2020 India iliipiga marufuku pamoja na programu nyingine 58, na watu waliokuwa wamejenga hadhira ya miaka kadhaa wakaikosa mara moja.

Instagram naiweka kati ya hizi mbili: nzuri kwa picha na kwa vijana wa mijini, hafifu kwa mjadala. Matangazo ya moja kwa moja yamewahi kuifanya shahidi muhimu. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2020 mwanamuziki DJ Switch alirusha mubashara kutoka lango la kulipia barabara la Lekki, Lagos, askari walipowafyatulia risasi waandamanaji wa #EndSARS, waliotaka kikosi cha polisi cha SARS kivunjwe, na watu wengi mno walitazama yakitokea. Ila kumbuka kwamba urushaji mubashara huonyesha pia sura za wenzako na mahali mliposimama, na hauna nafasi ya kufuta kabla watu hawajaona.

X, kwa wenye mamlaka na wanahabari

X si mahali pa kukusanya wazazi wa shule. Vikundi vingi vimepoteza muda hapo vikijisemea vyenyewe. Faida yake ni nani anasoma: wanahabari, wanasheria, wabunge, wasemaji wa wizara na mashirika. Wachache kwa idadi, lakini ndio hasa unaotaka wajue kwamba barua yenu imekaa siku arobaini bila jibu. Ofisi ambayo haijibu simu hujibu pale mwandishi wa habari anapoinukuu hadharani.

Alama ya reli (#), ambayo Chris Messina aliipendekeza Twitter mwaka 2007, ni chombo cha kuwaunganisha watu wasiojuana kwenye mada moja. Inafaa pale ambapo jambo lenu linafanana na la mitaa mingine. Kwa jambo la mtaa mmoja, kumtaja ofisa husika kwa akaunti yake ya kikazi na kuambatisha nakala ya barua kunafaa zaidi. Mikutano ya sauti ya X nayo ina uzito: Julai 2024 Rais Ruto mwenyewe aliingia kwenye mmoja kujibu maswali ya vijana, jambo ambalo kwenye ukumbi wa kawaida lingechukua miezi kupangwa.

Tangu Elon Musk alipoinunua mwaka 2022, majibu ya wenye akaunti za kulipia hupewa nafasi ya juu, hivyo sauti ya mnyonge imesogezwa chini. Na kama ilivyo kwenye viwanja vyote, matusi hapa ni mengi, na wanawake wanaoongoza kampeni huyapata zaidi. Kikundi kinachomweka mama mmoja mbele kwenye X kipange pia nani atakayesoma maoni badala yake. Wajibu huo ni wa kikundi.

Nina neno kuhusu umaarufu wa dunia nzima, maana X huutoa kirahisi. Aprili 2014 wasichana 276 walitekwa shuleni Chibok, Nigeria, na #BringBackOurGirls ("turudishieni wasichana wetu") ikaenea hadi Michelle Obama akapiga picha ameishika kwenye karatasi. Wiki chache baadaye dunia ilishahamia jambo jingine. Waliobaki ni kundi la watu waliokuwa wakikutana na kukaa hadharani Abuja siku baada ya siku, wakidai wasichana wale warudi. Kumbukumbu ilishikwa na watu wale, na miaka kumi baadaye, makumi ya wasichana wakiwa bado hawajarudi, bado kulikuwa na wanaouliza. Ukipata nafasi ya kuvuma, itumie kuongeza watu kwenye kundi lako la kudumu, siku ileile.

Ushahidi usiutegemeze kwa mtandao wowote

Hapa mitandao yote inaanguka, kwa viwango tofauti. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora na taarifa zake za ndani, yaani saa na mahali ilipopigwa, huondolewa. Hilo linamlinda anayetaka kujificha, lakini linamwangusha anayetaka kuthibitisha. Ukiituma kama faili la hati badala ya picha, taarifa hizo hubaki. Kwa hiyo amua kwanza: picha hii ni ya kuhamasisha au ya kupeleka mahakamani? Ya kuhamasisha tuma vyovyote. Ya ushahidi, hifadhi faili la awali kwenye simu iliyolipiga, nakili kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, kisha andika daftarini tarehe, saa, mahali, na nani alipiga.

Namna ya kupiga nayo ina maana. Anza mbali, ili kibao cha shule na rundo la taka vionekane katika picha moja bila kukatwa. Sogea katikati. Kisha karibu, chupa za sindano zikionekana kama zipo. Picha ya karibu pekee inaweza kuwa imepigwa popote, na wakili wa upande wa pili atalisema hilo. Nyuso za watoto zisiwepo kabisa.

Mkiwa na taarifa nyingi kutoka kwa watu wengi, ramani inasaidia kuliko grupu. Ushahidi, programu iliyoanzishwa Kenya mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilifanya hivyo: watu walituma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu na tovuti, zikawekwa kwenye ramani. Kwa kikundi kidogo, jedwali moja lenye safu za tarehe, mahali na tukio linatosha kabisa.

Mtandao ukizimwa

Misri ilikata intaneti tarehe 28 Januari 2011 kwa takriban siku tano, na watu walizidi kutoka. Nigeria iliizuia Twitter kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022. Uganda ilifunga mitandao ya kijamii wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Hata bila serikali, akaunti hudukuliwa, msimamizi hukasirika akafuta kundi, simu huibwa.

Kinachookoa ni orodha. Majina, namba za simu na eneo la kila mtu, kwenye karatasi au faili linaloshikwa na watu wawili wanaoaminika, na mti wa kupigiana simu: mmoja anapiga watano, kila mmoja wao watano. Ujumbe mfupi wa kawaida unapita hata pale intaneti haipo, na unamfikia mwenye simu ya vitufe. Mwaka 1955 mjini Montgomery, Marekani, Jo Ann Robinson na wenzake walichapa maelfu ya vipeperushi usiku mmoja baada ya Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi, na mgomo wa mabasi ukadumu siku 381. Vipeperushi vilifika kwa sababu wanawake wale walikuwa tayari wamejipanga kwa miaka, wakijua nani yuko shule gani na kanisa gani. Kama kampeni yenu ina watu hatarini, orodha hiyo isiwe kwenye karatasi, na isikae simu moja na mazungumzo ya kamati.

Basi mchague vipi?

Jambo la mtaa mmoja, watu wanaojuana, hakuna hatari kubwa: WhatsApp yenye makundi mawili kama chumba, ukurasa wa Facebook kama uwanja. Muanze hapo na msiongeze kitu kwa miezi mitatu.

Jambo linalowagusa vijana wa maeneo mengi, kama ada au kodi: chaneli ya matangazo, ya WhatsApp au Telegram kulingana na walipo, na TikTok kwa maelezo. X iongezwe siku mtakapokuwa na barua, takwimu au picha ya kuwaonyesha wanahabari, isiwe kabla.

Jambo lenye hatari, ambapo mtu anaweza kupoteza kazi, uhuru au uhai: Signal kwa kamati ndogo, taarifa za wazi zitolewe kwa jina la kikundi bila jina la mtu, na msambaze tu kile ambacho hata kikikutwa mikononi mwa adui hakitamtia mtu ndani.

Katika hali zote tatu, kabla ya kufungua akaunti ya kwanza, andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano nani wanashika nywila, nani anamrithi mmoja wao akihama au akiugua, na siku gani kundi litafungwa kazi ikiisha. Dampo likiondolewa, wekeni tangazo la mwisho lenye picha ya eneo lilivyosafishwa, pakueni nakala ya mazungumzo na nyaraka, muwaulize watu kama wanataka namba zao zibaki kwenye orodha kwa ajili ya jambo jingine, kisha mfunge kundi.